Shangazi, marafiki wanataka nijitokeze kwenye video

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, ni fundi wa mashine za maboti hapa Kibirizi, Kigoma. Nilizaliwa Kasulu nikaandikwa mtoto wa kike, nikalelewa hivyo, ila tangu nipate akili najijua mwanaume. Mwaka wa sita huu naishi mjini kama mwanaume na hakuna anayeniuliza kitu. Anayejua ni dada yangu peke yake, na mwanawe wa miaka minne ananiita mjomba.

Nina marafiki wawili Nairobi, wanaume transi kama mimi, tulifahamiana mtandaoni. Kila tarehe 31 Machi, siku ya watu transi kuonekana, ikikaribia wananibana nitoe video, nitaje jina na mahali nilipo. Wanasema watu wakisikia transi wanawaza waliozaliwa wavulana wakawa wanawake, sisi wengine hatumo kabisa, na mimi nikinyamaza nawasaliti. Na kweli, inaniuma kuishi kama mtu ambaye hayupo. Mwaka jana bibi alipofariki nilifika hadi stendi ya Kasulu, nikawaza nitakaa wapi msibani, nje kwenye turubai na wanaume au ndani na akina mama. Nikapanda gari nikarudi. Mama hajanisamehe. Halafu kifua nakifunga bandeji, mbavu zinauma, na hospitali naogopa. Nifanye nini?

Fundi, Kigoma

Marahaba, baba. Nimekuita baba kama ninavyowaita wapwa zangu wa kiume, na nitaendelea hivyo. Kabla ya kuichapa barua yako nimebadili kazi yako na mji uliozaliwa, na kuna mstari mmoja nimeuondoa, kwa sababu mtu wa mtaani kwako angekujua kwa mstari ule tu. Kwa hilo tayari umeshaona jibu langu linakoelekea: hiyo video usiitoe.

Hao marafiki zako siwalaumu. Wanachokisema kina ukweli. Mwaka 2009 mwanamke transi wa Michigan, Marekani, Rachel Crandall, aliianzisha siku hiyo ya 31 Machi kwa sababu siku iliyokuwa ikijulikana ilikuwa moja tu, 20 Novemba, ya kuwakumbuka waliouawa. Alitaka walio hai nao wawe na siku yao. Na ni kweli kwamba wanaume transi mnasahaulika hata siku hiyo. Huku kwetu msichana mwenye mwendo wa kiume anaitwa jikedume, watu wanacheka, mazungumzo yanaishia hapo. Akikua akaishi kama mwanaume, anapotelea ndani ya wanaume wengine. Mafundi wenzako wanaona kijana mfupi asiye na ndevu nyingi, basi.

Nimepata barua kadhaa za vijana kama wewe, na karibu zote zina hayo mawili kwa pamoja. Asubuhi mtu anashukuru kwamba hakuna aliyemtazama mara mbili. Usiku ananiandikia kwamba akifa leo, hakuna atakayejua aliyekufa ni nani. Si unafiki huo, wala huhitaji kuchagua moja ukatupa jingine.

Ila kuna mambo mawili ambayo marafiki zako wameyafunga kitita kimoja. Kuna watu kujua kwamba wanaume transi wapo. Na kuna watu wa Kibirizi kujua kwamba fulani, fundi yule, ni mmoja wao. La kwanza nalitaka kwa moyo wote, ndiyo maana barua yako iko hapa. La pili ni mali yako wewe, na likishatoka halirudi.

Kuna Mwingereza mmoja, Michael Dillon, mwanaume transi wa ukoo wa mabwana, alianza kutumia homoni za kiume mwaka 1939, akasomea udaktari, akawa daktari wa meli. Mwaka 1958 ikagundulika kwamba vitabu viwili vya koo za mabwana wa Kiingereza vinamtaja tofauti, kimoja mwanaume, kingine mwanamke. Magazeti yakamwanika. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Aliiacha kazi yake, akakimbilia India, na huko akafa mwaka 1962. Uganda, Victor Mukasa, mwanaume transi aliyekuwa akisema waziwazi, aliingiliwa nyumbani mwaka 2005 na mwenyekiti wa mtaa, hati ya upekuzi hana, akachukua makaratasi, na mgeni aliyekuwa ndani akakamatwa. Walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda mwaka 2008. Namheshimu sana. Lakini tazama ni nani aliyeingia mlangoni: si serikali kuu, ni kiongozi wa mtaa, mtu wa jirani.

Sasa sikiliza la Botswana. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya huko iliamuru serikali ibadilishe kitambulisho cha mwanaume transi kisomeke mwanaume. Ni ushindi ambao watu wa Afrika nzima wanautaja. Mwenye kesi jina lake nani? ND. Herufi mbili tu. Mahakama ilisikiliza maisha yake yote, nchi ikalijua jambo, na majirani hawakupewa sura yake. Waambie marafiki zako kwamba huyo naye alijitokeza.

Na Nairobi si Kigoma. Kenya, mwaka 2014, Audrey Mbugua alipata amri ya mahakama cheti chake cha mtihani kibadilishwe jina. Sisi bado hatujafika hapo. Kanuni za Adhabu, kifungu cha 154, kinazungumzia tendo la kujamiiana kinyume cha maumbile, na adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Hakisemi kwamba kuwa wewe ni kosa. Lakini usitegemee kwamba anayekuja kukugongea usiku atakuwa amekisoma kifungu neno kwa neno. Kama roho inakusukuma kusema, andika. Mwambie mmoja wao asome maneno yako kwa sauti yake, bila mji, bila kazi, bila mwaka. Sauti yako pia ni sura, watu wa mwaloni, huko maboti yanakotia nanga, wanaijua.

Kuhusu bandeji nitakuwa mkali kidogo. Acha leo. Bandeji hujikaza kadiri unavyovuta pumzi, na kwa kazi ya jua na kunyanyua vizito unaweza kuzivunja mbavu. Tafuta sidiria ya michezo au fulana ya ndani inayobana ya kipimo chako, isizidi saa nane kwa siku, na usilale nayo kamwe. Siku ya mzigo mzito legeza, vaa shati pana. Ukivuta pumzi ndani na maumivu bado yapo, nenda kituo cha afya, hata kama ni cha wilaya nyingine wasikokujua. Sema kifua kinauma na umekuwa ukikikaza. Hadithi ya maisha yako hudaiwi. Na akitokea mtu kukwambia huo ni ugonjwa wa akili, jua kwamba Shirika la Afya Duniani limeliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa ya akili. Orodha mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022.

Nimekawia kufika kwa mama kwa sababu hapo ndipo nilipolia. Lugha yetu imekusitiri, baba. Yeye ni yeye, mtu anaweza kukusimulia kutwa nzima bila kusema kama ni mke au mume. Inapofika kwenye udugu ndipo sitara inapoisha: ni dada au kaka, ni mama mdogo au mjomba, na msibani ni ndani kwenye mkeka au nje kwenye turubai. Hukumkimbia bibi yako. Ulikimbia swali la pa kukaa. Mama hajui hilo, anachojua ni kwamba mtoto wake hakumzika bibi.

Mtangulize dada yako. Kamwambie apime hali ya hewa, asitaje lolote la siri yako, aseme tu unaumia kwa kukosa mazishi. Akiona mama amelainika, nenda siku isiyo na shughuli, siku ambayo anamenya mihogo yake uani na hakuna mgeni. Anza na bibi. Omba radhi, usijitetee. Halafu mwombe akupeleke kaburini, nyie wawili tu. Pale hakuna turubai wala mkeka. Kama mazungumzo ya pili yatakuja, yatakuja njiani mkirudi, na yasipokuja siku hiyo, usiyavute.

Na huyo mtoto akikuita mjomba mbele ya watu pale mwaloni, itika kwa sauti.