Kesi yangu ya leseni ilitupwa nikiwa bado nangoja tarehe

Watu wangu, kama bodi imekunyima leseni ya kazi na umeenda kortini, tafadhali soma hii. Mimi bodi ya taaluma yetu ilinikatalia, nikatafuta wakili, tukafaili kesi korti ya Milimani, Nairobi, nikarudi kwa shughuli zangu nikijua ako nayo. Kila nikipiga simu naambiwa tunangoja tarehe, nami naamini. Ikapita miaka miwili na zaidi. Siku moja nikaamua kwenda masjala mwenyewe, karani akaingiza namba ya kesi kwa kompyuta akaniambia hii ilishatupwa. Nilikaa kwa benchi ya nje nikashindwa hata kuinuka.

Kitu sikujua ni kwamba mwenye kushtaki ndiye anasukuma kesi. Kanuni za Utaratibu wa Madai za 2010, Amri ya 17, zinasema mwaka mmoja ukiisha bila upande wowote kuchukua hatua, korti inaweza kuwaita mjieleze kwa nini kesi isitupwe, na tangu zirekebishwe 2020 ikifika miaka miwili hakuna chochote kimefanywa, inahesabika imetupwa.

Unaweza kuomba irudishwe, na niliomba. Hapo wanapima vile ilisemwa kwa kesi ya Ivita na Kyumbu ya 1984: umechelewa sana, uko na sababu ya maana, na je bado haki inaweza kutendeka licha ya huo muda wote. Nikasema makosa ni ya wakili. Nikaulizwa wewe mwenyewe ulifuatilia vipi, barua iko wapi, na sikuwa na kitu, simu zote nilizopiga hazikuacha hata karatasi moja. Ombi likakataliwa. Kwa hivyo ukimaliza kuongea na wakili kwa simu mtumie meseji ama imeili ya yale mmeongea, umuulize hatua ya mwisho ilifanywa tarehe ngapi, na namba ya kesi kaa nayo wewe. Akikuzungusha, badilisha wakili mapema ama ufaili notisi ya kujisimamia mwenyewe, inaruhusiwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna mtu aliwahi kusikiza kama bodi ilikosea. Kesi kutupwa hivyo haimaanishi bodi ilikuwa sawa, lakini kurudi nyuma ni ngumu maana ukitaka Korti Kuu ifute uamuzi wa bodi kupitia Amri ya 53 ya kanuni hizo hizo uko na miezi sita tu tangu uamuzi utolewe, na yangu ilishaisha kitambo.

Sasa nimeomba leseni upya. Wakikataa tena naanza na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, hiyo inakupa haki ya kuitisha sababu kwa maandishi na wanafaa kukupa ndani ya miezi mitatu, wakinyamaza inachukuliwa hawakuwa na sababu nzuri mpaka wao waonyeshe vingine. Lakini usiachie ile miezi sita iishe ukingoja jibu. Barua yangu nishaiandika, nakala mbili, moja watanipigia muhuri nibaki nayo.