Maswali ya Wasomaji: Usalama wa Magari Unamlipa Nini Mwenye Gari?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina malori mawili yanayobeba mahindi kutoka Kibaigwa kwenda Mwanza, na basi moja la Dodoma hadi Singida. Wenzangu hukimbiza magari yao na huyapeleka gereji yanapoharibika tu, na kila mwezi wananizidi tripu. Fedha ninazozitia kwenye matengenezo zinanirudia kwa njia gani?
Msomaji wako, Kibaigwa.

JIBU: Ndugu msomaji, zinarudi, ila hazirudi kwa kuonekana kama nauli inavyoonekana mkononi mwa konda.

Tuanze na mwendo. Kutoka Dodoma hadi Singida ni takriban kilomita 240, na basi linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa. Hata barabara ingekuwa tupu mwanzo hadi mwisho, dereva anayekwenda 100 angelitangulia basi lako kwa dakika 36 tu, na tupu haiwi, kwa maana kuna Bahi, Manyoni na Ikungi za kupunguza mwendo. Kwa ajili ya dakika hizo, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza wakati wa kusimama huongezeka kwa zaidi ya nusu, dizeli huliwa zaidi na tairi huchemka. Juu ya hayo, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ina mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi, na basi lililozuiwa haliingizi hata shilingi.

Tairi ndizo ninazokuomba uzitazame kwa makini kuliko vyote. Nyuma ya lori zimefungwa mbili mbili, na ya ndani ikipungua upepo haionekani, kwa sababu mwenzake wa nje amelishikilia gari. Huyo wa nje sasa anabeba mzigo wa wawili, yule laini anajikunja na kuchemka kila mzunguko, na mwishowe mmoja anapasuka njiani, pengine akimharibu na wa pili. Utingo akizigonga kwa chuma alfajiri, tairi iliyojaa hulia kwa mlio mkavu na iliyopungua hutoa sauti ya gunia. Lakini sikio hudanganywa, kwa hiyo geji ya upepo iwemo katika kila gari. Bei yake huwezi kuilinganisha na ya tairi moja ya lori.

Malori yako hushuka mlima Sekenke yakiwa na shehena. Dereva anayeshuka kwa kukanyaga breki mfululizo huzichemsha hadi zisishike tena, hata kama mitungi ya upepo wa breki imejaa. Aliyefundishwa vizuri hupunguza gia kabla ya mteremko kuanza, akaiacha injini ilishike gari. Wapo wanaotia nyutro wakidhani wanabana mafuta, nao wanakosea mara mbili: gari halishikwi tena na injini, na mafuta yenyewe hawayabani, kwani injini nyingi za kisasa za dizeli hukata mafuta zinaposukumwa na gari mteremkoni zikiwa kwenye gia, ilhali kwenye nyutro huendelea kuyachoma.

Ajali ikitokea, wa kwanza kuumia ni watu, na hilo peke yake lingetosha kuwa jibu langu. Ila umeuliza habari ya fedha. Bima kubwa hulipia gari. Siku ambazo gari limelala kituo cha polisi na gereji kwa kawaida hailipii, na marejesho ya mkopo hayasubiri. Mwenye mahindi naye amekwisha kutafuta lori jingine.

Nami nakuuliza: dereva wako unamlipaje? Ukimlipa kwa tripu pekee, umemwagiza akimbie na asilale, hata kama mdomoni unamwambia aende taratibu. Mpe mshahara unaoeleweka, kisha umwongezee kwa tairi zilizodumu na dizeli iliyobaki.

Kuhusu wenzako, tripu zao zisikutishe kabla hujapiga hesabu zako. Fungua daftari la kila gari, uandike kilomita, dizeli, tairi na siku lililolala, kwa miezi mitatu. Kisha ugawe gharama kwa kilomita, na ukipenda umwombe mmoja wao afanye vivyo hivyo kwa gari lake, mkae pamoja mlinganishe.