Virusi havionekani: nipumzike dawa?

*Mama Nesi,*

*Mimi ni mwanamume wa miaka 35, nauza mitumba Gikomba, naishi Kayole na mke wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Mwaka juzi nilienda kumtolea damu jirani aliyesubiri upasuaji, nikaambiwa nina homa ya ini aina ya B. Baada ya miezi sita nikapimwa tena, bado ipo. Virusi vilikuwa 8,400, ALT (kipimo cha damu cha kuumia kwa ini) 47, picha ya ultrasaundi safi. Kaka yangu mkubwa alifariki nyumbani Makueni mwaka 2016, tumbo limejaa maji. Watu walisema amerogwa, lakini karatasi ya hospitali iliandika saratani ya ini. Daktari aliposikia hivyo akanianzishia tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku.*

*Sasa nina miezi 14. Mwezi jana kipimo kimesema virusi havionekani. Je, nimepona? Nataka kuacha, kwa sababu kopo likilia ndani ya begi watu wanadhani ni zile za ukimwi. Nimehamishia vidonge kwenye kopo la siagi ya njugu. Tena kuna mzee Kariokor ana mizizi ya shilingi 12,000 ambayo anasema itaosha ini kabisa. Na kusema kweli, nitaishi miaka mingapi?*

*Baba wa Mmoja, Kayole*

Mwanangu, usiache. Nimetanguliza jibu maana nawajua wasomaji wangu, wengine hufika mstari wa kwanza tu wakafunga gazeti.

Wewe ni mtu wa Makueni, bila shaka umelima shamba lenye ndago. Unafyeka asubuhi, shamba linang'aa, lakini kile kitunguu chake kiko chini kinangoja mvua. Kirusi hiki ni hivyo hivyo. Kikishaingia kwenye seli ya ini, huficha nakala ya maumbile yake ndani ya kiini cha seli, na tenofoviri haiwezi kuing'oa humo. Inachofanya dawa ni kuzuia kirusi kisizaane. Kwa hiyo mashine ilisema kweli, damuni hakikuonekana. Kwenye ini kipo.

Katika miaka yangu 31 ya wodini, nisiyemsahau ni dereva mmoja wa matatu, mcheshi kuliko wote. Alimeza dawa miaka miwili, akajiona mzima, akaacha bila kumwambia mtu. Baada ya miezi minne aliletwa macho ya njano kama bizari, mkojo rangi ya strungi. Virusi vilikuwa vimerudi kwa kishindo, na kinga ya mwili ilipovivamia ikalichoma ini lenyewe. Hakumaliza wiki ya pili. Si kila anayeacha hupatwa na hayo, ila hakuna anayejua mapema ni nani atakayepatwa.

Wapo wanaofika mahali pa kuacha. Ni pale kipimo cha HBsAg, kile kilichokukamata siku ya kutoa damu, kinaposoma hasi, kikarudiwa na bado kikawa hasi, na daktari akakubali. Kwa wanaomeza vidonge hivi hutokea kwa nadra, kama mtu mmoja kwa mia kwa mwaka au pungufu. Jihesabu kama mwenye presha, dawa ni ya miaka mingi.

Sasa hilo la miaka ya kuishi. Mtu ambaye ini lake halijapata makovu, akimeza dawa sawasawa, ana kila sababu ya kuzeeka pamoja na wenzake. Hata makovu yenyewe si hukumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wanaotumia tenofoviri kwa miaka mitano. Kati ya watu 96 walioanza wakiwa na sirosisi, yaani ini lililokakamaa kwa makovu, 71 hawakuwa nayo tena mwishoni. Nilipousoma nilikumbuka wagonjwa wangu wa miaka ya themanini, ambao hatukuwa na la kuwapa ila kutoa maji tumboni.

Kinachobaki ni saratani. Dawa hupunguza hatari yake lakini haiimalizi, na wewe kaka yako ametangulia kwa njia hiyo. Daktari wako alifanya vyema kutokungoja: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unaihesabu historia ya saratani ya ini katika familia kuwa sababu ya kuanza dawa. Kila miezi sita piga ultrasaundi, na upime AFP, kipimo cha damu cha kusaka saratani ya ini, hata ukijisikia una nguvu za kubeba belo mbili.

Na hizo belo, mgongo ukiuma unameza diklofenaki? Vijana wa Gikomba huinunua kama peremende. Ikikutana na tenofoviri huweza kuumiza figo. Mwambie daktari, na hakikisha kreatinini, kipimo cha damu cha figo, inapimwa.

Mizizi ya Kariokor achana nayo. Ini ndilo linalochuja kila unachomeza, na huyo mzee hawezi kukuambia mna nini ndani ya chupa. Pombe pia, hata ile keg ya Ijumaa.

Kama gunia la mahindi hutoka nyumbani, chagua punje kabla ya kusaga. Yenye ukungu usile, wala usimpe kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, mwaka 2004 iliua zaidi ya watu mia moja, wengi wao Makueni na Kitui. Hata ile kidogo isiyoua papo hapo, ikishirikiana na homa ya ini B, huzidisha sana hatari ya saratani.

Mke wako hukusema kama amepimwa. Apimwe. Akiwa hana, achanjwe dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita, na mtumie kondomu mpaka akamilishe. Mtoto huenda alichanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, angalia kijitabu cha kliniki, kisha naye apimwe. Sahani na vikombe mtumie pamoja bila wasiwasi. Wembe na mswaki, kila mtu chake. Halafu piga simu Makueni: mama na ndugu waliobaki wapimwe, maana wengi wa rika lako walizaliwa kabla ya chanjo hii kuanza kutolewa kwa watoto nchini, na mara nyingi mtoto huipata kwa mama au kwa wenzake nyumbani.

Kuhusu kopo, rudisha vidonge kwenye lake, pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu, maana tenofoviri haipatani na unyevu. Lizungushie kitambaa kizito kwa nje, mlio utapungua.