Sarafu ya Uingereza ya peni 10 iliyo nene kuliko mwenzake: kosa la kiwandani au la?

Kabla ya kushangilia, shika sumaku. Peni 10 za mwaka 1992 hadi 2011 ni shaba na nikeli, unene milimita 1.85. Kuanzia Januari 2012 zimetengenezwa kwa chuma kilichopakwa nikeli, unene 2.05. Uzito umebaki gramu 6.5 na kipenyo milimita 24.5, maana chuma ni chepesi kidogo, kwa hiyo ikabidi sarafu iongezwe unene. Ikinasa kwenye sumaku, ni sarafu ya kawaida kabisa.

Isiponasa na bado ni nene, hapo ndipo pa kuchunguza. Pima kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Mizani ya jikoni haifai, inakadiria mno. Unene wa kweli huja na uzito: asilimia 10 zaidi ya unene inapaswa kukupa kama gramu 7.15. Ukiona unene umezidi lakini uzito ni 6.5 ileile, pima kipenyo. Kikipungua, mtu amegonga ukingo kwa nyundo. Metali imebanwa ndani na ukingo ukavimba. Hilo ni jeraha tu, halina thamani. Pima sehemu nne za ukingo, si moja, kwa sababu sarafu iliyopinda hudanganya kalipa (kifaa cha kupimia unene).

Uzito ukizidi, kagua kwa lenzi mstari mwembamba ndani ya ukingo: sarafu za mazingaombwe, zile za vipande viwili wanazotumia wanamazingaombwe, huunganishwa hapo. Usiisugue wala kuisafisha kabla mtaalamu hajaiona, tafadhali.