Relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) mbovu kwenye helikopta: kubadilisha ni lazima au hiari?
Lazima, mamlaka ya anga ikishatoa agizo. Watu wanachanganya karatasi mbili: waraka wa kiwanda peke yake mara nyingi ni ushauri, lakini agizo la FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ni sheria. Sehemu ya 39 ya kanuni zao inakataza kurusha chombo ambacho hakijalitimiza. Muda umo humo kwenye agizo: saa kadhaa za kuruka, au kabla ya kuruka tena kama hatari ni kubwa.

Ila si kila helikopta ya aina inayotajwa kwenye agizo inaguswa. Fundi anasoma namba kwenye kibati cha kifaa, analinganisha na orodha ya kwenye agizo; ikiwa imo, anabadilisha kifaa, kisha anaandika na kusaini kwenye kitabu cha matengenezo. Asiposaini, kwa mkaguzi ni kama hakijabadilishwa.