Tumepanda miti kingoni, mbona mto bado unakauka?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji katika mto mmoja unaomwaga maji yake Ruaha Mkuu, wilayani Mbarali. Kwa misimu mitatu tumepanda miti, tumeweka alama za mita 60 kutoka kingo na kuwatengea wafugaji njia za kunyweshea. Hata hivyo, kila ifikapo Septemba maji hukatika chini ya banio letu, yaani ukuta wenye lango la kuingizia maji mferejini, na wanachama wanauliza faida ya jasho lao. Tumekosea wapi? Je, mikaratusi iliyo kingoni tuing'oe?

JIBU: Ndugu Katibu, hamjakosea, ila kazi yenu imefika nusu ya njia. Mita 60 mlizozitenga ndizo zinazotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na miti mliyopanda inazuia udongo usiporomokee mtoni. Lakini mti wa kingoni hauwezi kurudisha maji ambayo yamekwisha kuchepushwa kwenye mfereji, na hapo ndipo ninapoomba mkutane kwa moyo mmoja, hata kama mazungumzo yatakuwa magumu kuliko siku ya kupanda miche.

Ruaha Mkuu ulikauka kwa mara ya kwanza mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1993, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka. Maji ya mito ya Usangu, bonde lenu hilo, hukusanyika kwanza katika ardhioevu ya Ihefu, kisha hutoka kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya kizingiti hicho, mto wote ulio mbele yake husimama, viboko na samaki wakabanana katika madimbwi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Kwa hiyo yale maji kidogo ya Septemba, ambayo mkulima huona hayatoshi hata jaruba moja, yana uzito mkubwa kwa wanaoishi chini.

Chunguzeni basi banio lenu baada ya mavuno. Katika skimu nyingi za Usangu mpunga ukishavunwa lango hubaki wazi, na maji hutambaa mferejini kiangazi chote yakipotelea ardhini na juani. Msiharakishe kumlaumu anayeliacha wazi, kwa kuwa mara nyingi familia za mwisho wa mfereji hunywa maji hayo hayo, huyafulia na kuyafyatulia tofali. Mkifunga lango bila kuwachimbia kisima, watalifungua usiku, nami sitawashangaa. Anzeni na kisima; kisha kubalianeni tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua kwa ajili ya vitalu vya mpunga, na kiasi cha maji kitakachoachwa kipite wakati wote. Makubaliano hayo yaandikwe na kupelekwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji, na wenzenu wa juu na wa chini ya mto waitwe tangu kikao cha kwanza.

Kuhusu mikaratusi, haifai kandokando ya mto wala kwenye chemchemi, kwani hunywa maji mengi. Msiing'oe, maana mizizi ndiyo iliyoshika kingo kwa sasa. Waruhusuni wenye miti hiyo wavune miti iliyokomaa kwa awamu, visiki vizuiwe kuchipua, na katikati yake mpande mivengi na mikuyu. Anayepoteza mikaratusi yake asaidiwe kupata miche ya kupanda mlimani, mbali na maji.

Mwaka huu wekeni pia kijiti chenye vipimo chini ya banio, mtu mmoja akisome kila asubuhi na kuandika daftarini. Mwanachama atakapouliza tena faida ya jasho lake, mtamfungulia ukurasa wa Septemba.