Ruzuku haiishii kwenye tangazo

Umeuliza mkuu wa timu ya sera ya ruzuku hufanya nini siku nzima wakati hela zimeshatengwa. Ndugu yangu, kazi inaanzia hapo. Chukua unga wa Kenya, Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi. Pakiti ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 200. Serikali ikatangaza iuzwe 100, tofauti walipwe wasagaji. Kutangaza ni kazi ya asubuhi moja. Lakini nani anahesabu pakiti zilizotoka kiwandani kweli? Na mwenye duka aliyejaza stoo kwa bei ya zamani, hasara yake ni ya nani? Msagaji akicheleweshewa malipo anapunguza kusaga, rafu inabaki tupu na kibandiko chake cha 100. Hayo yote timu iyamalize kabla waziri hajashika maikrofoni: ankara ipi inakubalika, nani anakagua, mpango unakoma lini. Ule wa unga ulikuwa wa wiki chache tu, na serikali mpya ilipoingia Septemba wasagaji walikuwa bado wanadai. Mimi ningeajiri mhasibu mkaidi kwanza, mchumi baadaye.